Rungu la baraza la kata limekwenda kwa nani?

Kila mazungumzo ya kuyatoa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya chini ya Wizara ya Ardhi na kuyakabidhi kwa Mahakama yanaporudi bungeni na magazetini, hapa Kigoma naisikia kauli ileile, kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji na kwenye korido za halmashauri: sasa haki ya ardhi itapatikana. Hoja yenyewe ni njema, na mimi naiunga mkono. Ila wanaoishangilia wanapaka rangi ghorofa ya juu ya nyumba ambayo ngazi yake imeng'olewa. Mkulima wa Buhigwe au mvuvi wa Uvinza mwenye miche yake ya michikichi hasumbuliwi na swali la nani anamlipa mshahara mwenyekiti wa baraza la wilaya. Kinachomsumbua ni kwamba tangu 2021 hakuna chombo kilicho karibu naye chenye mamlaka ya kutamka kisheria kuwa shamba hili ni la fulani. Mamlaka hayo yaliondolewa kwenye kata kwa jina la utawala wa sheria. Yalitakiwa yapande kwa wanasheria, lakini kwa sehemu kubwa yamemwagika njiani, na walioyaokota ni watawala.

Tuitazame ngazi yenyewe. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 iliweka vyombo vitano: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Baraza la kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, lilikuwa la kupatanisha tu. Baraza la kata lilikuwa na kazi mbili. Lilipatanisha kwanza, na ikishindikana liliamua, ilimradi thamani ya ardhi isizidi shilingi milioni 3. Wajumbe wake walikuwa wanne hadi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake, na walichaguliwa na kamati ya kata kutoka miongoni mwa wakazi wenyewe. Wala chombo hiki hakikuzaliwa 2002. Mabaraza ya kata yalianzishwa kwa sheria ya 1985, halmashauri za wilaya zikiwa ndiyo kwanza zimerudi baada ya kufutwa 1972 na mpango ulioitwa, kwa kejeli ambayo sidhani ilikusudiwa, Madaraka Mikoani. Nalitaja hilo kwa sababu baraza la kata lilikuwa kipande cha madaraka kwa wananchi yanayotajwa katika Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba. Tumezoea kuyafikiria madaraka hayo kama madawati, zahanati na ushuru wa mazao. Kuamua ugomvi wenu wenyewe nako ni madaraka, na pengine ndiyo ya kwanza ambayo binadamu aliwahi kuyadai.

Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliifuta ile kazi ya pili. Baraza la kata limebaki, kinyume na wanavyosema wengi mitaani kwamba limefutwa, ila limebaki kupatanisha peke yake. Lina siku 30. Likishindwa, linatoa hati ya kueleza kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila hati hiyo baraza la wilaya haliwezi kulisikiliza shauri. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mlalamikaji anaweza kupanda juu hata bila hati. Kwa hiyo sasa tuna chombo cha kupatanisha kijijini, na juu yake chombo kingine cha kupatanisha katani, halafu pengo, halafu baraza la wilaya ambalo ndilo la kwanza kuamua. Kipande cha ardhi cha laki tatu na kiwanja cha milioni 60 vinaingia kwa mlango mmoja.

Niliwahi kukaa nusu siku kwenye benchi la ofisi ya kata moja wilayani Kasulu, kwa shughuli isiyohusiana na haya. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja mwenye mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi zilizokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika. Jirani yake alikuwa ameng'oa mstari wa minyaa uliokuwa mpaka na kuusogeza hatua 20 upande wa bibi. Baraza lilikuwa limewaita mara mbili, na mara zote mbili jirani hakutokea. Katibu akamwandikia hati, akagonga muhuri, akamweleza kwamba sasa aende wilayani. Bibi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza kutazama kama nyuma kumeandikwa kitu, kisha akaniuliza mimi, mgeni: "Wanasema wameshindwa, mwanangu. Sasa wa kuweza yuko wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Kulikuwa na nauli, kulikuwa na ada ya kufungulia shauri, kulikuwa na mtu wa kumwandikia maombi kwa lugha ya kisheria, na kulikuwa na tarehe ambazo zingeahirishwa. Gharama hizo zikijumlishwa, hatua 20 za ardhi hazizifikii.

Hapo ndipo kosa la fikra lilipo. Tumeuchukulia usuluhishi kama kitu kinachosimama chenyewe, na Katiba yetu kweli inausifu: Ibara ya 107A inazitaka mahakama kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha suluhu anajua kinachomfanya mtu mkaidi alegeze. Analegeza kwa sababu anajua asipolegeza leo, wiki ijayo watu walewale, waliouona mpaka kwa macho yao, wataandika uamuzi. Baraza la kata la zamani lilipatanisha kwa sababu lilikuwa na rungu mkononi, hata kama halikuliinua. Lilipoporwa rungu, yule jirani wa bibi alifanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angefanya: wito hauna meno, hati haimwondoi mtu shambani, na mwenzangu hana nauli. Kutokutokea ndiko kushinda. Mwenye nguvu hahitaji hukumu, anahitaji muda tu. Na sheria ya ukomo inampa mwenye subira sababu ya kutabasamu, maana dai la kurejeshewa ardhi lina miaka 12, na ikipita mlango umefungwa.

Na mkoa huu una sababu zake za kugombana kuliko inavyodhaniwa Dar es Salaam. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwa wingi, ikaacha mahame ambayo wajukuu wa waliohamishwa wanayakumbuka kwa majina ya mito na miti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilijaribu kuufunga ukurasa huo kwa kuuthibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977, na kwenye karatasi ukurasa umefungwa. Mashambani bado uko wazi. Halafu serikali ilipoanza kuusukuma upya mchikichi mwaka 2018, bonde ambalo hakuna aliyeligombea likawa na bei. Wafugaji nao wameshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao hadi Uvinza. Migogoro midogo imeongezeka wakati uleule ambao chombo cha kuimaliza kimepunguzwa.

Pengo la namna hii halikai wazi. Tabora wanalijua somo hili kuliko sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wanyamwezi na Wasukuma walipochoka kuona wezi wa ng'ombe wakitoka polisi na mahakamani kabla jua halijazama, walijiundia sungusungu. Sungusungu walikamata, walisikiliza, walitoza faini, walimtenga mtu na kijiji kizima kikaacha kumpa hata moto wa kuwashia jiko. Serikali ilianza kwa kuwatazama kwa wasiwasi, ikaishia kuwatambua kisheria mwaka 1989. Sisemi sungusungu walikuwa wabaya au wema. Walikuwa yote mawili, kutegemea siku uliyokutana nao. Ninachosema ni kwamba watu hawakai bila maamuzi. Wakinyimwa chombo cha kisheria, watatafuta chochote chenye sauti.

Leo huku kwetu chenye sauti ni ofisi ya utawala. Mkutano wa hadhara wa mkuu wa wilaya siku hizi una sehemu yake inayojulikana: kero za wananchi. Watu wanapanga foleni kwenye kipaza sauti, na kero nane kati ya kumi, kwa masikio yangu, ni za ardhi. Kiongozi anasikiliza upande mmoja kwa dakika mbili, anamwita mtendaji, anatoa siku saba. Umati unapiga makofi. Nawaelewa wanaopiga makofi, maana ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima mtu mwenye cheo amewasikiliza na akasema kitu kinachoeleweka. Lakini hakuna sheria inayompa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamua nani mmiliki wa shamba. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, nayo kwa masharti yanayohusu uvunjifu wa amani na makosa ya jinai. Uwezo huo ukiwa nyuma ya neno lake, siku saba zinageuka hukumu, hukumu isiyoandikwa popote, isiyo na sababu wala nakala, na kwa hiyo isiyokatiwa rufaa. Kisha kiongozi anahamishwa, anakuja mwingine, na yule aliyeshindwa anapanga foleni upya kwenye kipaza sauti.

Njia nyingine za panya ni za kimya zaidi. Mgogoro wa ardhi unavishwa nguo ya jinai: badala ya kumdai jirani shamba, unamshtaki mahakama ya mwanzo kwa kuingia kwa jinai kwenye ardhi yako, ukitumaini kwamba akihukumiwa shamba limekuwa lako. Mahakama Kuu imesema mara nyingi kwamba kosa hilo haliwezi kusimama pale umiliki wenyewe unapobishaniwa, kwanza ijulikane nani mwenye mali. Kila hukumu kama hiyo ni ushahidi kwamba mtu alilala rumande kwa jambo ambalo lilikuwa la madai. Au unavishwa nguo ya mirathi, kwa sababu mahakama ya mwanzo inaruhusiwa kusimamia mirathi. Anayejua kuzunguka anazunguka.

Waliofanya mabadiliko ya 2021 hawakuwa wapumbavu, na ni uonevu kuandika kana kwamba hawakuwa na sababu. Sababu yao nzito zaidi ilikuwa kwenye mafaili ya rufaa. Baraza la kata liliamua shauri. Aliyeshindwa akaenda baraza la wilaya. Kutoka pale Mahakama Kuu. Na huko, baada ya miaka sita au saba, jaji akagundua kwamba kumbukumbu za kata hazionyeshi majina ya wajumbe waliokaa, au hazionyeshi kama kulikuwa na wanawake kama sheria inavyotaka, au akidi ilibadilika katikati. Mwenendo wote ukafutwa, wahusika wakaambiwa waanze upya. Kwa watu wa Kigoma hadithi hiyo ilikuwa na kilomita ndani yake, maana kabla Mahakama Kuu haijawa na kanda yake hapa, rufaa zetu zilikuwa za Tabora, mtu anapanda treni usiku na mafaili yake kwenye begi ili akaambiwe kwamba kilichoandikwa na katibu wa kata kwenye daftari la kaunta hakitoshi. Ukiwa mtunga sheria na ukaliona hilo mara mia, utasema afadhali baraza hili lisiamue kabisa.

Lakini tazama ugonjwa ulikuwa nini na dawa iliyotolewa ni ipi. Makosa yaliyokuwa yakibomoa maamuzi ya kata yalikuwa ya uandishi: majina, jinsia, sahihi, tarehe. Ni makosa ambayo fomu moja ya kurasa mbili na katibu aliyefundishwa wiki moja yangeyapunguza sana. Wajumbe hawakuwa na mafunzo kwa sababu hakuna aliyewapa. Halmashauri zilizotakiwa kuwahudumia ziliwaacha wategemee posho za kubahatisha na ada za wadaawa, yaani wenye kesi, na mtu anayelipwa na mdaawa hujifunza haraka kumsikiliza anayelipa. Zaidi ya hapo, sheria yenyewe ilikuwa na dawa ndani yake. Kifungu cha 45 kinakataza uamuzi kutenguliwa kwa kasoro ambazo hazikusababisha haki kupotea, na Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Majaji wengine walikitumia kifungu hicho, wengine hawakukitumia. Ukitaka kusema ukweli mchungu, sehemu ya lawama waliyobebeshwa wazee wa kata ilikuwa ya huko juu, ambako akidi ilipewa uzito kuliko mpaka wa shamba.

Hoja dhaifu kuliko zote katika upande ule ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mtu asiyesomea sheria hawezi kuamua shauri. Inasikika ya kisomi mpaka uiangalie kwa karibu. Sheria hiyohiyo ya 2002 ilimtaka mwenyekiti wa baraza la wilaya, ambaye ni mwanasheria, akae na wazee wa baraza wasiopungua wawili na asikilize maoni yao, na Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri kwa sababu tu maoni ya wazee hao hayakuombwa na kusomwa mbele ya wadaawa. Yaani mzee asiyesomea sheria ni muhimu kiasi kwamba asiposikika shauri linakufa, halafu mzee huyohuyo akishuka kilomita 80 hadi katani kwake hafai kabisa? Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupendekeza kinyume chake: Baraza la Wazee la Ardhi kijijini, liwe ndilo la kwanza kuamua, na mkono wa watawala uondolewe kwenye ardhi. Rwanda, jirani zetu, wana abunzi, watu wanaochaguliwa na wenzao kwa uadilifu na si kwa vyeti. Wanapatanisha kwanza, ikishindikana wanaamua, na asiyeridhika anakwenda mahakamani. Na mgogoro wa mpaka hautatuliwi na shahada. Unatatuliwa na mtu anayekumbuka minyaa ilipandwa na nani na mwaka gani, awe tayari kwenda kusimama pale na kuonyesha.

Wenzangu wanaodai baraza la kata lirudishwe kama lilivyokuwa nao wananichosha kidogo. Wanalizungumzia kama vile lilikuwa kivuli cha mwembe ambapo wazee wenye busara walikula karanga na kutoa haki. Lilikuwa na diwani. Wajumbe walichaguliwa na kamati anayoiongoza yeye, na mwenye ugomvi na diwani alijua mapema uelekeo wa upepo. Lilikuwa pia na mila. Mjane wa Kiha aliyefika mbele ya wazee kudai shamba aliloachiwa na marehemu aliweza kuulizwa kwanza amezaa watoto wangapi wa kiume. Viti vya wanawake vilikuwepo kisheria, lakini kiti si sauti. Kwa mjane huyo baraza la wilaya, pamoja na umbali wake, lilikuwa kimbilio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na tangu 1990, Jaji James Mwalusanya alipoamua shauri la Bukoba kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kuiuza ardhi ya ukoo aliyorithi, hakuna mwanasheria anayeweza kujifanya hajui. Mzee wa kata aliweza. Kwa hiyo kudai uamuzi uwe karibu hakumaanishi kudai uwe wa wazee peke yao, wala uwe chini ya diwani.

Kuna jambo lingine ambalo halitajwi kabisa kwenye mjadala huu, nalo linanitia wasiwasi zaidi. Tumekuwa tukizungumza kana kwamba wagomvi ni majirani wawili. Je, ugomvi ukiwa kati yako na halmashauri ya kijiji yenyewe? Ndiyo inayogawa ardhi, ndiyo inayotenga malisho na eneo la shule, na ikikosea inakosea kwa muhuri. Kwa marekebisho ya 2020, mamlaka za serikali za mitaa ziliwekwa pamoja na Serikali kuu kwenye sheria ya mashauri dhidi ya Serikali. Maana yake ni kwamba mwanakijiji anayedai kuporwa shamba na halmashauri ya kijiji chake anatakiwa atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwenye shauri, na alifungue Mahakama Kuu. Mahakama Kuu, kwa shamba la mihogo, dhidi ya mwenyekiti anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtu wa Kalya, kusini kabisa mwa Uvinza, apande boti hadi Kigoma mjini ili akaishtaki ofisi anayoiona akiwa mlangoni kwake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda fedha na mali za umma zisichukuliwe kwa kesi zinazoendeshwa bila wanasheria wa Serikali kujua, na sababu hiyo ina maana kwa jiji au wizara. Kwa kijiji, imeifanya serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi kuwa ndiyo iliyo mbali zaidi kushtakiwa.

Ukiyaweka mabadiliko haya mawili kando kwa kando, ya 2020 na ya 2021, unaona kwamba hadithi tunayosimuliwa ya madaraka kushuka inakwenda upande mmoja tu. Fedha na miradi vinashuka, pole pole na kwa masharti, lakini vinashuka. Mamlaka ya kumwajibisha aliyepewa fedha na miradi hiyo yanapanda. Mwaka 1963 nchi hii ilikataa jambo kama hilo. Tulipozifuta mamlaka za machifu tuliunganisha pia mahakama zao na mahakama za kawaida, kwa hoja kwamba mtu anayetawala na anayeamua wasiwe mmoja. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilirudia msimamo wa namna hiyo kwenye shauri la ardhi lililotoka Arusha: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na sheria haiwezi kumfungia mwenye mali mlango wa mahakama. Gharama na umbali hufunga mlango huo vizuri kuliko kifungu chochote cha sheria, bila mtu kulazimika kukiandika.

Sasa turudi kwenye kuhama kwa mabaraza ya wilaya. Yahame, kwa sababu mwenyekiti anayeteuliwa na Waziri wa Ardhi kwa kipindi cha miaka mitatu, kisha anasikiliza shauri ambalo ndani yake kuna afisa ardhi aliyepima viwanja viwili juu ya kimoja, yuko kwenye mtego hata awe mwadilifu namna gani. Ila kuhama huko ni nafasi ya kufungua kifungu kingine ambacho sioni kikitajwa. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2002 kinazizuia mahakama zinazoendeshwa na mahakimu kusikiliza madai ya ardhi. Kilikuwa na mantiki wakati ule, mahakimu wengi wa mwanzo walipokuwa na elimu ndogo ya sheria na mabaraza yakionekana njia mpya na ya haraka. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mahakama za mwanzo zinapokea mahakimu wenye shahada, zinaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, ziko tarafani na katani, na ziko chini ya Mahakama, pale pale tunapotaka kuyapeleka mabaraza. Kama mabaraza yanakuwa sehemu ya Mahakama, kuna sababu gani hakimu wa mwanzo asisikilize mgogoro wa shamba dogo, wazee wawili wa mahali pale wakiwa pembeni yake, mmoja mwanamke, na sharti la kutembelea eneo linalogombewa kabla ya kuandika hukumu?

Nitaambiwa mahakimu hao tayari wana mafaili ya kutosha. Ni kweli. Lakini mafaili ya ardhi hayapungui kwa kupelekwa mbali. Yanageuka kuwa kesi za kuingia kwa jinai, za shambulio, wakati mwingine za mauaji, na zote hizo zinarudi kwenye meza za mahakimu na majaji zikiwa zimenona. Nitaambiwa pia kuna kampeni ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa 2023, ambayo imekuwa ikizunguka mikoani, mahema na wanasheria wa bure. Nimewaona watu wakitoka kwenye mahema hayo wakiwa wameelewa kwa mara ya kwanza kesi yao inaitwaje. Hema linang'olewa baada ya siku chache, na mwanasheria wa hemani hana mamlaka ya kuamua, sawa na katibu wa kata.

Siku ile Kasulu, nilipotoka na yule bibi kumsindikiza hadi kwenye bodaboda, tulipita mbele ya mahakama ya mwanzo. Iko mwendo wa dakika tatu kutoka ofisi ya kata. Madirisha yalikuwa wazi na hakimu alikuwa anasikiliza kesi ya wizi wa mbuzi. Ana uwezo wa kumfunga mtu miezi 12. Anaweza kuamua deni la mamilioni ya shilingi, kuvunja ndoa, na kumteua msimamizi wa mirathi ya marehemu mwenye nyumba tano. Bibi alisimama kidogo dirishani, akasikiliza, akaniuliza kama pale ndipo wilayani. Nikamwambia hapana, wilayani ni mbele, na dereva akawasha pikipiki.